Mchezo ulirejeshwa, lakini hadhira je?

KITENZI ‘rudi’ huwasumbua sana wageni wanaojifunza Kiswahili. Mtu hurudi nyumbani. Hiyo ndiyo maana wanayofunzwa siku za mwanzo. Kisha wanasikia kwamba nguo ya pamba ikifuliwa kwa maji moto hurudi, yaani hupungua ukubwa. Kabla hawajatulia, wanaambiwa kuwa mzazi humrudi mtoto mtovu wa adabu, yaani humkanya au kumwadhibu. Kurejea, kupungua na kukanywa: maana tatu katika silabi mbili.

Makala haya yanazitumia maana zote tatu kuhakiki kitu ambacho hakizoeleki katika kurasa za lugha. Nacho ni mchezo wa mtandaoni nilioupenda sana, nikauacha kwa miaka mingi, kisha nikaurudia. Swali langu ni moja tu. Je, anayerudi katika mchezo wa aina hii hurudi wapi hasa?

Najua wapo wasomaji watakaoguna. Profesa mzima, mvi zimemjaa kichwani, na gemu? Hebu nivumilieni kidogo. Tulipokuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, hawakukosekana wasomi walioshikilia kwamba nyimbo za taarabu na hadithi za magazetini hazistahili kuhakikiwa darasani. Leo hii tasnifu zinaandikwa kuzihusu na hakuna anayeguna. Ni ada ya utanzu mpya kubezwa kwanza, kisha kuzoeleka, na hatimaye kutungiwa maswali ya mtihani. Isitoshe, mchezo wa mtandaoni wa wachezaji wengi ulizaliwa ukiwa maneno matupu. Ule wa kwanza kupata umaarufu, MUD, ulianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle. Haukuwa na picha hata moja. Chumba kilikuwa aya, mlango ulikuwa sentensi, na mchezaji alitembea kwa kuandika kitenzi. Nani basi atasema kuwa jambo hili halimhusu mwanaisimu au mhakiki wa fasihi?

Mchezo wangu ni mjukuu wa huo. Unaitwa RuneScape. Ulizinduliwa Januari 2001 na Andrew Gower akisaidiana na ndugu yake Paul, na baadaye ukawa mali ya kampuni ya Jagex yenye makao mjini Cambridge. Sifa yake kubwa enzi hizo ni kwamba haukuhitaji kompyuta ya bei ghali. Ulifunguka ndani ya kivinjari, kama ukurasa mwingine wowote wa intaneti. Mchezaji humuunda mhusika wake na kuingia katika nchi ya kubuni yenye ngome, wachawi na majoka. Humo hukata miti, huvua samaki, huchimba madini, hupika na kupigana, na kila kazi ina ngazi zake hadi ya 99. Usomapo riwaya, wahusika wote ni watoto wa mwandishi mmoja. Humu, wengi wa wahusika unaokutana nao njiani ni watu halisi walioketi mahali fulani duniani, kila mmoja na kibodi yake.

Niliujua mwaka 2005 nikiwa mtafiti mgeni katika chuo kimoja nchini Uingereza. Ilikuwa majira ya baridi, jua linatua saa kumi jioni, na kimya cha bweni kinaweza kumtoa mtu akili. Kijana jirani yangu alinionyesha mchezo huo, nami nikawa mkataji miti. Nilisimama katika kijiji cha Draynor, hatua chache kutoka benki, nikibofya mti mmoja baada ya mwingine. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha ajabu. Kumbe uchovu ule ndio uliokuwa siri ya utamu wake! Mikono ikiwa na kazi isiyohitaji fikra, midomo hulegea. Ndivyo ilivyo kwa wanaopura mahindi au kusuka ukili barazani. Watu walizungumza.

Namna walivyozungumza inastahili kuchunguzwa. Mchezaji aliandika sentensi fupi, nayo ikaonekana kwa rangi ya manjano juu ya kichwa cha mhusika wake. Sekunde chache baadaye ikatoweka juu ya kichwa; katika kisanduku cha chini ilibaki kwa muda, hadi iliposukumwa na maneno ya wengine. Yalikuwa maandishi kwa umbo, lakini tabia yake ilikuwa ya mazungumzo. Walter Ong, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu usimulizi na maandishi, alisisitiza kwamba neno linalotamkwa huishi kwa kupita. Linapomalizika kusikika, limeshaondoka. Maneno ya manjano ya Draynor yaliishi hivyo hivyo. Ukichelewa kuyasoma, yamekwisha.

Kwa mintarafu hii, nashikilia kwamba mchezo kama huu unakaribiana zaidi na fasihi simulizi kuliko riwaya au filamu. Sote tuliosoma fasihi simulizi tunazijua nguzo zake: fanani, hadhira, utendaji na muktadha. Maneno ya ngano yanaweza kubaki yale yale, ilhali ngano ikasimama au ikaanguka kwa kutegemea nani anasimulia, nani anaitikia na ni jioni gani. Msimbo wa mchezo ni yale maneno ya ngano. Ngano yenyewe hutokea pale watu wanapoketi kuizunguka.

Nitatoa mfano mmoja wa kwangu binafsi. Miongoni mwa wakataji miti wenzangu alikuwapo mmoja aliyesema kuwa ni muuguzi wa zamu ya usiku. Jina lake halisi sikulijua, wala mji wake. Siku moja aliniuliza watu wa kwetu hushukuru vipi. Nikamwandikia: asante. Tangu siku hiyo, kila alipopewa kitu, hata kuni moja, aliandika ‘asante’. Wengine wakamwiga. Kwa majuma kadhaa, chini ya miti ile ya kubuni, watu ambao huenda hawangeweza kuionyesha Kenya kwenye ramani walishukuriana kwa Kiswahili. Hakuna mtayarishaji wa mchezo aliyelipanga jambo hilo. Halikuwamo katika msimbo. Lilikuwa utendaji.

Mfano wa pili unajulikana na wachezaji wengi kuniliko. Juni 6, 2006, mchezaji mmoja aliyefika ngazi ya 99 katika ujenzi aliandaa sherehe nyumbani kwake, ndani ya mchezo. Umati ulikuwa mkubwa, mchezo ukawa mzito, naye akawatoa wageni wote nje. Kutokana na hitilafu ya msimbo, baadhi ya waliokuwa wakipigana kwa mzaha ndani ya nyumba ile walibaki na uwezo wa kuwashambulia wenzao nje, mahali ambapo mapigano hayaruhusiwi. Wakawaua wachezaji wenzao wasioweza kujitetea, na mali za waliouawa zikatapakaa. Kisa hicho husimuliwa hadi leo kama mauaji ya Falador. Ukiwasikiliza wanaokisimulia utatambua sifa zote za kisakale: tarehe inayotisha yenye sita tatu, jabali asiyezuilika, na watu wanaoapa kwamba walikuwapo. Ni kisakale cha enzi ya seva.

Sasa tuje kwenye kuondoka. Mchezo ulianza kubadilika. Desemba 2007 na Januari 2008 kampuni iliondoa mapigano huru ya wachezaji katika eneo la nyika, ikabana pia biashara baina yao, kwa nia ya kupambana na waliouza dhahabu ya mchezo kwa pesa halisi. Mambo hayo yalirudishwa mwaka 2011 baada ya kura ya wachezaji. Hata hivyo, Novemba 2012 mfumo mzima wa kupigana ukafumuliwa na kuundwa upya. Wengi walihama. Mimi nilikuwa nimeshaondoka mapema zaidi, kwa sababu ya kawaida kabisa: nilirudi nyumbani, na mihadhara, usahihishaji na vikao visivyokwisha vikanimeza.

Kisha likatukia jambo ambalo ni nadra katika historia ya sanaa. Jagex walikuwa na nakala ya akiba ya mchezo wao kama ulivyokuwa Agosti 2007. Februari 2013 wakawauliza wachezaji: je, tuirejeshe? Zaidi ya kura 400,000 zilipigwa, na mwezi huo huo ukazaliwa Old School RuneScape, yaani mchezo ule wa kale ulioamshwa kutoka usingizini. Wachezaji wote walianza upya, mikono mitupu. Mwaka 2018 likaja toleo la simu, nalo ndilo lililonirudisha mimi, nikiwa Nairobi, nikisubiri gari kwenye foleni isiyosonga.

Hapa ndipo maana zetu tatu zinapotufaa.

Kwa maana ya kwanza nilirudi kweli. Muziki ni ule ule, pamoja na ile sauti yake ya kinanda cha bei rahisi inayomganda mtu kichwani. Mpishi wa ngome ya Lumbridge bado anahangaika kutafuta yai, maziwa na unga. Ucheshi wa waandishi wake haujachuja. Liko jukumu moja liitwalo One Small Favour, yaani fadhila moja ndogo. Mtu anakuomba umletee gogo la mti. Mwenye gogo hakupi hadi umfanyie jambo dogo. Wa jambo dogo naye ana shida yake. Na hivyo hivyo hadi unazunguka nchi nzima ukiwa umesahau gogo lenyewe lilikuwa la nani. Msomaji aliyelelewa kwa kisa cha Mwalimu Goso atacheka kwa kutambua ndugu. Ni ngano ya mnyororo. Kwa Goso tunasaka aliyekosa. Humu tunasaka wa kumsaidia kwanza. Mtindo ni mmoja. Kwa upande wa matini, basi, mchezo huu umehifadhiwa vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosoma ujanani ambavyo leo havipatikani hata kwa dawa.

Kwa maana ya pili, mchezo umerudi kama nguo ya pamba. Safari ya kutoka Lumbridge hadi Varrock, niliyoikumbuka kama mwendo wa kutoka Voi hadi Mombasa, huchukua dakika chache tu. Ramani haikupunguzwa hata kidogo. Kilichopungua ni kutojua kwangu, na kutojua kwa wengine wote. Siku zile kila kona ilikuwa kitendawili. Leo majibu yote yameandikwa na wachezaji wenyewe katika kamusi elezo yao ya mtandaoni: adui yupi ana udhaifu upi, kazi ipi inaleta faida ngapi kwa saa. Kitendawili kilichokwisha kuteguliwa kinaweza kurudiwa, lakini hakuna atakayeumiza kichwa tena. Ukisema “Tega!”, jibu linatangulia swali.

Wenzetu wa World of Warcraft waliliona jambo hili waziwazi zaidi. Mchezo huo wa kampuni ya Marekani iitwayo Blizzard ulizinduliwa Novemba 2004. Mwaka 2013 kiongozi mmoja wa kampuni, alipoulizwa jukwaani kama wataurejesha katika umbo lake la mwanzo, alijibu kwamba wachezaji hudhani wanautaka lakini kwa kweli hawautaki. Jibu hilo liliwaudhi wengi. Agosti 2019 kampuni iyo hiyo ikausalimu umma na kuuzindua mchezo wa kale kwa jina la World of Warcraft Classic. Watu wakamiminika hadi foleni za kuingia zikachukua saa nyingi. Basi tazama: zimwi la moto liitwalo Ragnaros, lililowachukua wachezaji wa kwanza miezi kulishinda, lilianguka safari hii chini ya wiki moja. Zimwi halikudhoofika kiasi hicho. Waliolikabili ndio waliokuwa na majibu mfukoni.

Maana ya tatu ndiyo nzito zaidi. Anayerudi hurudiwa, yaani hukanywa, na wale aliowakuta.

Jambo la kwanza nililofanya, bila shaka msomaji amekisia, ni kwenda Draynor. Miti ipo. Wakataji wapo, tena wengi. Nikakata, nikapewa kuni na mtu fulani, nikaandika: asante. Kimya. Wahusika waliendelea kuinua mashoka. Baada ya muda mrefu mmoja wao akaandika alama moja tu: “?”. Mwingine akanieleza, kwa adabu kamili, kwamba kukata mti ule ni kupoteza wakati, kwa sababu uko mwingine wenye faida zaidi. Nilifungua orodha ya marafiki. Majina yao yote yalikuwa mekundu, rangi inayoonyesha kuwa mwenye jina hayupo. La muuguzi lilikuwamo. Sijui kama bado anafanya kazi usiku, na hakuna njia ya kumuuliza.

Je, tuulaumu mchezo? Hapana, na hapa ninawakosoa wenzangu wenye kuililia 2007. Upweke wa leo ulichaguliwa na watu wale wale walioililia. Tuchukue mfano wa soko. Katika nakala ya Agosti 2007, aliyetaka kuuza samaki ilimbidi asimame mjini na kupiga kelele kwa maandishi: nauza samaki, nauza samaki! Mnunuzi alimwendea, wakapatana bei, wakaaminiana au wakatapeliana. Lilikuwa soko kama Kongowea siku ya shehena. Novemba 2007 mchezo wa awali ulipata soko kuu la pamoja, ambako unaweka bidhaa na bei kisha mfumo unakutafutia mnunuzi usiyemwona. Mchezo uliorejeshwa haukuwa na soko hilo. Lakini huamuliwa kwa kura: mwanzoni badiliko lilihitaji asilimia 75 ya kura, na tangu 2022 ni asilimia 70. Nao wachezaji, waliorudi kwa hiari yao katika soko la kelele, walipiga kura, na mwaka 2015 soko la kimya likarejea.

Siwalaumu pia kwa hilo. Utapeli ulipungua, na mtu mwenye nusu saa ya mapumziko hataki kuimaliza akitafuta mteja. Ila yafaa tutaje gharama yake. Kelele za soko lile zilikuwa ndiyo mazungumzo. Watu walijuana kwa kupigania bei. Mwaka 2023 kampuni yenyewe, kana kwamba imelitambua pengo hilo, iliongeza sehemu iitwayo Forestry, inayowanufaisha wanaokata mti mmoja kwa pamoja kuliko anayekata peke yake. Nimeijaribu. Watu wanakusanyika kweli, wanapata faida yao, wanatawanyika. Hawasemi lolote. Mwaliko wa kuketi pamoja umekuwapo. Cha kuambiana hakikuletwa na mwaliko.

Kuna kukanywa kwingine kunakouma zaidi. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, raia wengi wa nchi hiyo waligundua kwamba dhahabu ya mchezo huu iliuzika kwa thamani iliyoshinda mishahara yao. Wakaingia kwa wingi na kuwaua majoka ya kijani kwa saa nyingi, ili wauze mifupa na ngozi, kisha dhahabu, wakanunue chakula. Sheria za mchezo zinakataza kuuza dhahabu kwa pesa halisi, na ni kweli kwamba dhahabu hiyo iliathiri bei kwa wengine. Lakini mwaka 2017 ulisambaa mtandaoni mwongozo wa kuwawinda Wavenezuela hao na kuwaua ndani ya mchezo. Wapo waliouona kuwa kichekesho. Wengine walikumbusha kwamba anayepoteza ngozi zile huenda amepoteza mlo wa jioni.

Fikirieni jambo hilo kidogo. Joka moja, watu wawili. Mmoja amekuja kuutafuta utoto wake; mwenzake amekuja kuwatafutia watoto wake. Wa kwanza anamwona wa pili kama mdudu anayeharibu picha. Katika mazingira hayo, kuilinda ‘asili’ ya mchezo kunageuka kuwa kisingizio cha ukatili. Svetlana Boym, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu hamu ya zamani, alitofautisha aina mbili za hamu hiyo. Ipo inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka, tofali kwa tofali, na kwa hivyo humkasirikia yeyote asiyekuwamo katika ramani ya kwanza. Na ipo inayokaa na kutafakari, ikikubali kwamba nyumba imekwenda. Mwongozo ule ni zao la aina ya kwanza ikichanganyika na dharau.

Ajabu ni kwamba dhana hiyo ya hamu ilianza kama jina la ugonjwa. Mwaka 1688 daktari kijana wa Uswisi, Johannes Hofer, aliunda neno la kitabibu kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu. Kiswahili hakijapata neno moja lililokubalika na wote kwa dhana hii. Wapo wanaosema ‘hamu ya zamani’, wengine ‘ukiwa’, wengine ‘majonzi ya yaliyopita’. Wapo wanafunzi wangu wanaoliona hili kuwa pengo. Mimi silioni hivyo. Tunacho ‘rudi’, na ndani yake yamo mambo ambayo neno la Hofer halina: kwamba ukirudi utakuta kitu kimepungua, na kwamba waliopo wana haki ya kukukanya.

Uamuzi wangu kama mhakiki ni huu. Kama matini, Old School RuneScape ni kazi nzuri. Ina ucheshi, haina haraka, na mtindo wake wa kuwapa wachezaji kura ni jambo ambalo sanaa nyingi zingejifunza kwalo. Anayeingia kwa mara ya kwanza leo, bila kumbukumbu yoyote, atapata mchezo wa haki na marafiki wake mwenyewe. Kama urejesho wa 2007, umefeli, na haungeweza kufaulu, kwa sababu nakala ya akiba ilihifadhi mti wa Draynor bila kuhifadhi ‘asante’ iliyosemwa chini yake. Mtu akiniuliza iwapo arudi, nitamjibu: rudi, lakini uingie kama mgeni. Bisha hodi. Usiwaulize waliopo kwa nini hawafanani na waliokuwapo.

Fauka ya hayo, kuna somo kwa sisi wa taaluma ya fasihi. Tumetumia miongo mingi kukusanya ngano na kuzichapisha vitabuni, na ilikuwa kazi njema. Hata hivyo, ‘Paukwa’ iliyochapwa kwenye ukurasa haina wa kuiitikia. Tulihifadhi msimbo, tukaiacha hadhira ikatawanyika, kisha tukashangaa kwa nini watoto wanaziona ngano kuwa baridi. Watayarishaji wa michezo sasa wanarudia kosa hilo kwa seva zenye nguvu zaidi. Wanaotaka kuzihifadhi tungo hizi mpya wasihifadhi programu peke yake. Wahifadhi na mazungumzo: nani alisema nini, kwa lugha gani, chini ya mti upi, na wenzake wakaitikia vipi.

Kazi hiyo si ya Cambridge tu. Katika nyumba nyingi humu nchini, hivi unavyosoma, yuko kijana aliyejifungia chumbani na simu yake, akicheza na watu asiowajua, akibuni maneno ambayo kamusi zetu hazijayasikia. Wazazi wengi humwambia azime. Ningependa siku moja moja waketi karibu naye, wamuulize anazungumza na nani na wanaambiana nini. Miaka ishirini ijayo kijana huyo atataka kurudi, na mchezo huenda bado ukawapo. Maneno waliyoambiana hayatakuwapo, isipokuwa kama kuna mtu aliyeyasikiliza.